Siku Niliyobeba Isale Kwenda Kwenye Usaili

Chekeni kwanza mmalize, maana nikishaanza halafu mtu akanikatiza kwa kicheko nitanyamaza na sitarudia tena. Hii aibu nimeikalia muda mrefu. Wenzangu kazini (nafundisha biolojia sekondari moja pale Moshi mjini) wanajua tu kwamba nilifanyiwa usaili wa shahada ya uzamivu kwa simu ya video nikiwa nyumbani Machame, na kwamba ulikwenda vizuri tu. Hivyo ndivyo nilivyowaambia. Uongo mtupu! Usaili wangu ulihudhuriwa na watu kama thelathini, pipa la mbege (pombe yetu ya ndizi) na chura mmoja, na mimi mwenyewe niliyeitwa kusailiwa ndiye niliyeongea kidogo kuliko wote, ukimwondoa huyo chura.

Nianze na isale, kwa wale ambao si wa kwetu. Ukilitazama ni mmea wa kawaida, shina jembamba na majani marefu ya kijani yaliyojikusanya kwa juu, ungepita usigeuze hata shingo. Lakini kwetu Uchaggani isale ndilo mpaka kati ya kihamba na kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, ndilo linalopandwa makaburini, na zaidi ya yote ndilo msamaha. Mtu aliyekukosea, hata kwa kosa kubwa la namna gani, akija kwako na isale mkononi, jani lake limefungwa fundo, huwezi kulikataa. Unalipokea, mnakaa, mnayamaliza. Hakuna mtoto wa Machame asiyelijua hilo. Na mimi ni mtoto wa Machame, nina shahada mbili za biolojia, isale nalijua mpaka kwa jina lake la Kilatini, na bado siku hiyo niliyafanya niliyoyafanya.

Mwaka niliokuwa na miaka minane Mama alinituma mpakani kukata majani ya ng'ombe. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Nikainamisha isale moja nilichezee (mtoto ni mtoto), nikachungulia pale jani linaposhikana na shina, nikaona maji kidogo, hata kijiko cha chai hayajazi, na ndani ya maji yale nikaona macho. Macho yananitazama! Alikuwa chura mdogo, ukucha wangu wa kidole cha mwisho ulimzidi, rangi ya majani machanga, koo lake linadunda haraka haraka. Jamani, nilisahau majani, nikasahau ng'ombe, nikakaa pale mpaka Mama akanifuata na fimbo. Nilichapwa, lakini hata nikilia nilikuwa nawaza: huyu alipandaje mpaka huku juu, anakula nini, na jua likikausha haka kamaji anahamia wapi? Nimezeeka na maswali hayo. Ndiyo niliyoyaandika kwenye andiko langu la utafiti, kwa lugha ya kisomi, lakini ni yale yale.

Kuomba nafasi ya uzamivu ni kazi ya kujidhalilisha, nawaambia. Chuo cha kwanza hawakunijibu kabisa. Cha pili walinijibu mistari miwili, na mstari mmoja ulikuwa wa salamu. Halafu nikaona tangazo la Profesa mmoja, mama wa makamo, ambaye maandiko yake kuhusu viumbe wa milimani nimeyasoma mpaka karatasi zimelegea. Alikuwa anatafuta mwanafunzi mmoja. Mmoja tu, na wa mwisho, kwa sababu baada ya huyo anastaafu. Nilipopata barua pepe kwamba nimeitwa kwenye usaili nilikaa chini sakafuni, chumbani kwangu, na viti vipo.

Usaili ulipangwa Jumamosi saa kumi jioni. Ijumaa mchana ukaingia ujumbe mwingine, mfupi: kama inawezekana, uwe na sampuli hai, tungependa kuwaona hao viumbe wako. Sampuli hai nitaitoa wapi mjini? Nikafunga begi, nikapanda Machame.

Sasa nyumbani kwetu ni bondeni. Mtandao haushiki. Ukitaka kuongea na mtu unasimama juu ya kisiki nyuma ya zizi, na hata hapo sauti inakatika. Mahali mtandao unaposhika barabara ni juu kidogo, kwa Baba Mkubwa Anaeli, pale kwenye vichanja vyake vya kukaushia kahawa. Ni hatua mia mbili kutoka mlangoni kwetu. Tatizo ni kwamba hatua hizo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekuwa amezipiga kwa miaka kumi na moja.

Baba Mkubwa Anaeli na baba yangu ni watoto wa ndugu, vihamba vyao vinagusana, na zamani walikuwa hata chumvi wanaazimana. Kisha ukaja ule ukame. Maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa ukoo unaotoka juu mtoni, yalikuwa kwa zamu, na siku moja ambayo ilikuwa zamu ya Baba Mkubwa, Baba alifungulia maji upande wetu. Miche yote mipya ya kahawa ya mwenzake ilikauka. Baba alijua amekosa. Sisi sote tulijua. Lakini baba yangu ni mtu ambaye akiumwa jino atakwambia jino ndilo lenye matatizo, na ile siku ya kupeleka isale ikapita, ukapita mwezi, ukapita mwaka, na kadiri ilivyopita ndivyo isale lilivyozidi kuwa zito. Kanisani wakawa wanakaa mmoja upande wa kulia, mwingine kushoto. Mimi nilikuwa nampenda Baba Mkubwa Anaeli, alikuwa ananiwekea ndizi mbivu, na kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunapungiana mikono kwa mbali kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

Nikapanga hivi: Jumamosi huwa wanashuka soko la Kwa Sadala, nyumba inabaki tupu. Nitapita kimya, nitajibanza kwenye vichanja, nitafanya usaili wangu nusu saa, nitarudi. Nani atajua?

Saa tisa unusu nikaenda mpakani na kisu. Nilitafuta kama mtu anayetafuta pete. Isale la tano ndilo lililokuwa naye: chura mmoja, mzima, amekaa kwenye kamaji kake, ananitazama kama yule wa utotoni. Nikakata kile kilele taratibu, nimeshika pumzi. Majani ya pembeni yalikuwa yananipiga usoni na nikaogopa yatamsumbua, basi nikachukua majani mawili marefu, nikayafunga. Ndiyo. Nikayafunga fundo.

Nikarudi nyumbani kumwomba Mama ndoo yenye mfuniko.

"Ndoo ipi?" akasema Mama. "Ile ya maziwa? Nitie vyura kwenye ndoo ya maziwa?"

"Mama, ni chura mmoja."

"Hata awe nusu."

Niliangalia saa. Ningeweza kwenda stoo kutafuta beseni na kanga ya kufunikia, ilikuwa dakika tatu tu, lakini nikasema aa, hatua mia mbili, nitalibeba mkononi. Hapo ndipo nilipoharibu. Dakika tatu, ndugu zangu.

Na mnione nilivyotoka. Usaili ni usaili, hivyo nilikuwa nimevaa gauni langu la kitenge la Krismasi, kilemba, viatu vya kufunika. Njia ya nyuma ilikuwa tope, nikahurumia viatu, nikapita njia ya mbele inayotokea moja kwa moja uani kwake. Natembea polepole, nimelishika isale kwa mikono miwili mbele ya kifua, nimelikazia macho ili maji yasimwagike, na midomo inacheza kwa sababu nilikuwa narudia majibu yangu ya usaili. Mtu akiniona kwa mbali, ningekuwa yeye, na mimi ningeamini kabisa.

Nikakata kona ya migomba. Hawakuwa wameenda sokoni. Mjukuu wao alikuwa anapata kipaimara kesho yake na ukoo mzima ulikuwa uani, wanawake wanamenya ndizi, wanaume wamekaa kwenye mabenchi, watoto, masufuria, pipa la mbege. Mama Kunda, mke wa Baba Mkubwa, ndiye aliyeniona wa kwanza. Alikuwa ameshika upawa. Upawa ukaanguka.

"Yesu wangu," akasema. "Limekuja."

Mazungumzo yakakatika. Watu wakaanza kusimama, mmoja mmoja, mabenchi yanalia. Na mimi, nawaapia, hata wakati ule sikuelewa, nilidhani wameshangaa kwa sababu nimekanyaga uwanja wao, basi nikaonyesha adabu: "Shikamooni. Baba Mkubwa, samahani sana. Naomba mtusamehe."

Nilikuwa nataka kumalizia kwamba naomba mtusamehe kwa kuwavamia, nina shida ya mtandao. Lakini Baba Mkubwa Anaeli alikuwa ameshavua kofia. Mzee wa miaka karibu themanini, mrefu, mkavu, mikono yake inatetemeka hata siku za kawaida. Akaja mpaka mbele yangu. Akaangalia isale. Akaangalia lile fundo. Nami nikafuata macho yake nikaangalia fundo, na hapo ndipo nilipoelewa nimebeba nini.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Nilishasema nitazikwa kabla."

Akalichukua mikononi mwangu. Akalia. Sijawahi kuona mzee wa rika lile akilia mbele za watu, machozi yanafuata mikunjo ya uso hata hayafuti, na wanawake nyuma yake wakapiga vigelegele, na mtu akaanzisha wimbo, na Mama Kunda amenikumbatia mpaka kilemba kikakaa upande. Nilikuwa nimelijua isale maisha yangu yote kama kitu cha kusimuliwa, sikuwahi kusimama nalo mkononi nikaona linachofanya. Jani tu! Jani la mpakani, limewainua watu thelathini na kumliza mzee.

Halafu nikaona anaanza kuliinamisha.

"Msiliinamishe!" nikapiga kelele. "Maji yatamwagika!"

Wimbo ukakatika. Wazee wawili kwenye benchi wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa heshima. "Umesikia mtoto?" akasema mmoja. "Yasimwagike tena. Ni maneno mazito hayo." Baba Mkubwa akalinyoosha isale wima, akalishika hivyo hivyo, kwa mikono miwili, akaenda kukaa nalo kwenye kiti chake.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita.

Ningesema nini? Niambieni nyinyi wajanja. Niseme jamani samahani, hili si lenu, ni la chuo? Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza nikapewa kiti kando ya Baba Mkubwa. Mara ya pili nikapewa kata ya mbege. Mara ya tatu nikasikia Mama Kunda akimtuma mtu mbio kwenda kumwita baba yangu, "mwambieni limepokelewa, aje tukae," na Baba alikuwa bondeni anakata majani ya ng'ombe na hakuwa na habari ya isale lolote.

Simu ikaita. Nikapokea kwa sababu mkono wangu ulipokea wenyewe.

Mtandao wa pale ni mzuri kweli, hilo sitalikana. Nyuso tatu zikatokea safi kabisa, wanaume wawili wenye miwani na katikati Profesa mwenyewe, nywele fupi za mvi, anatabasamu kidogo. Yule niliyesoma maandiko yake mpaka karatasi zikalegea, ananiona na kata ya mbege mkononi.

"Ndeshi, tunakuona vizuri," akasema. "Naona una wenzako. Ni timu yako ya utafiti?"

"Ni... ni majirani, Profesa."

"Vizuri. Basi tuanze. Tuambie, kwa nini uzamivu, na kwa nini sasa?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nimelikariri wiki mbili. Nikavuta pumzi. Kabla sijatoa neno, Mama Kunda akaingiza uso wake kwenye kioo, akiamini hao ni ndugu zetu wa Dar wanaotaka kushuhudia: "Karibuni jamani! Mmechelewa kidogo, isale limeshapokelewa!"

Mmoja wa wenye miwani akaandika kitu kwenye daftari. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

Nikajaribu. Nikasema maneno fulani kuhusu ikolojia. Nyuma yangu wameanza tena wimbo, mtoto ananivuta gauni, ndizi zinapita juu ya kichwa changu kwenye sinia. Profesa akasogea karibu na kamera yake, akasema kwa upole ule wa mtu anayekusaidia usizame, "Ndeshi, labda tuanze na hiyo sampuli. Tuonyeshe."

Sampuli ilikuwa kwenye mapaja ya Baba Mkubwa Anaeli.

Nikamgeukia. Nikanong'ona, "Baba Mkubwa, naomba nilichukue mara moja. Nitalirudisha."

Mjue kwamba isale halirudishwi. Likishapokelewa limepokelewa, na mtu anayelidai ni sawa na anayesema sikuombi tena radhi, nimeghairi, tuendelee kuchukiana. Mama mmoja akashika kichwa: "Analichukua! Jamani, analichukua!"

Na ni wakati huo huo Baba akatokea kwenye kona ya migomba, gambuti zimejaa tope, panga mkononi, mzigo wa majani ya ng'ombe bado uko kichwani, anahema.

"Nani ameleta isale?" akauliza.

Watu wote wakanitazama mimi. Simu iko mkononi, watu watatu wa chuo wananitazama pia. Nikaona kabisa njia mbili. Nikisema Baba ndiye aliyenituma, atakana pale pale na itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Nikinyamaza, Baba Mkubwa ataendelea kushika kitu ambacho hakikuwa chake, na nilimpenda mno kumfanyia hivyo. Basi nikasema ukweli. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa sababu nilikuwa nalia na kwa sauti ndogo isingetoka.

"Nimelileta mimi, na hakuna aliyenituma. Sikuja kuomba msamaha, nilikuja kutafuta mtandao. Humo ndani kuna chura. Hawa watu kwenye simu wananisaili nipate kusoma uzamivu na walitaka kumwona chura. Nilifunga fundo ili majani yasinichome macho. Nisameheni, sikufikiri. Nisameheni sana."

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru wangecheka. Baba Mkubwa Anaeli aliliangalia isale, akasema taratibu, "Kwa hiyo si langu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyesoma anwani ya bahasha akakuta jina la mwingine, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo nikikumbuka.

Baba akautua mzigo wa majani chini. Akageuka akarudi alikotoka, na panga lake. Mama Kunda akasema kwa uchungu, "Si mnaona? Si mnamwona?" Wanaume wakakaa.

Nilitaka kukata simu. Kidole kilikuwa tayari kiko pale. Ndipo Profesa akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Ndeshi, usiguse. Geuza kamera. Taratibu."

Chura alikuwa ametoka. Alipanda ukingoni mwa jani, akaangalia huku, akaangalia kule, akaruka, akatua kwenye kidole gumba cha Baba Mkubwa Anaeli. Ule mkono unaotetemeka siku zote ukatulia. Naapa ulitulia. Mzee akauinua polepole mpaka karibu na uso wake, na watu thelathini wakavuta pumzi pamoja, hata watoto, na kwenye simu wale wenye miwani walikuwa wamesogea mpaka paji la mmoja likajaza kioo. Koo la chura linadunda. Jua la jioni lilikuwa linapita kwenye migomba na ungeweza kuona mwanga ukipenya ndani ya kale kamwili, kijani chote, na mfupa mwembamba kuliko uzi. Kitu kidogo namna ile, na kipo, kinaishi maisha yake yote mipakani mwetu sisi tunaogombana. Nilikuwa na miaka minane tena.

"Shikamoo, mzee," akasema Profesa kwenye simu. "Unamfahamu huyo?"

"Marahaba. Namfahamu tangu mdogo," akasema Baba Mkubwa. "Huyu analia siku mbili kabla ya mvua. Baba yangu alikuwa anapanda kwa kumsikiliza huyu."

"Siku mbili?"

"Mbili. Akilia asubuhi, tatu. Na si kila isale lina yeye. Yako yale yaliyo karibu na mfongo, upande wa maji. Mfongo ukikauka anahama, anakwenda kwenye migomba, anakaa mle mpaka maji yarudi. Mayai anataga kwenye jani la tatu kutoka juu. La kwanza linakauka haraka, la chini wanafika mchwa."

Profesa akawa anaandika. Mwenzake akauliza swali, Baba Mkubwa akajibu. Wakauliza jingine. Mimi nimeshika simu kama kijiti cha kuanikia nguo, mkono unaniuma, na nasikia majibu ya maswali yangu ya miaka yote yakitoka mdomoni mwa mtu ambaye alikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwetu. Andiko langu lilikuwa na kurasa ishirini. Jani la tatu kutoka juu halikuwemo. Nilijiona mjinga, na nilifurahi, vyote kwa pamoja.

Walikuwa wamefika kwenye habari za ule ukame, Baba Mkubwa anaeleza kwamba mwaka ule maji yalipokatwa upande wake hakusikia chura hata mmoja, wote walihamia ng'ambo, na akataja kwa nini maji yalikatwa, bila kutaja mtu. Hapo kwenye kona ya migomba akatokea Baba.

Alikuwa amenawa uso. Amevua gambuti, yuko peku. Mikononi ana isale, amelikata yeye, utomvu bado unachuruzika, na jani lake limefungwa fundo. Alipita katikati ya watu hakumtazama yeyote, akaja mpaka kwenye kile kiti, na baba yangu, huyu wa jino lenye matatizo, akapiga goti moja kwenye vumbi.

"Kaka," akasema. "Yale maji nilifungulia mimi. Nilijua ni zamu yako. Hili ni lako."

Baba Mkubwa alikuwa na isale langu mkono mmoja na chura mkono wa pili, hakuwa na mkono wa kupokelea. Akanitazama. Nikamkingia kiganja, chura akarukia kwangu, wa baridi kama tone la mvua. Ndipo akalipokea.

Sitasimulia kilio kilichofuata. Nitasema tu kwamba kwenye simu Profesa alikuwa anajifuta macho, na alipoweza kuongea alisema, "Ndeshi, hujajibu swali hata moja," halafu mtandao ukakatika. Mtandao mzuri kuliko wote Machame, ukakatika pale pale.

Nilingoja wiki tatu. Sikula vizuri, wanafunzi wangu niliwapa mtihani ule ule mara mbili bila kujua. Nilishajiambia imekwisha, nani atamchukua mtu aliyekuja kwenye usaili wake na kipaimara? Siku barua pepe ilipoingia nilikuwa nimekuja kwa Mama, nimesimama kwenye kile kisiki nyuma ya zizi. Nafasi nimepewa. Profesa aliongeza mistari michache: andiko lako liandikwe upya, lianzie kwenye mfongo, na huyo mzee jina lake liwekwe kwenye kila kitakachochapishwa. Na chini kabisa: tulikuwa na waombaji waliojibu maswali yote, ila hakuna mwingine ambaye aliusema ukweli akijua utamponza.

Nilikimbia zile hatua mia mbili na kandambili. Baba Mkubwa alikuwa kwenye vichanja vyake anageuza kahawa, Baba yuko upande wa pili wa kichanja hicho hicho anamsaidia, wanabishana kuhusu zamu za maji kana kwamba hawajawahi kunyamaziana. Nilipowaambia, Baba alitazama pembeni akaanza kukohoa. Baba Mkubwa akanipeleka mpakani. Masale yote mawili alikuwa ameyachomeka ardhini, sambamba, na yote yalikuwa yameshika, yametoa majani.

"Hili la baba yako," akanionyesha. "Na hili la kwako."

"Lakini lile halikuwa lako, Baba Mkubwa. Nilishasema."

"Najua," akasema. "Ila nilikuwa nimeshalia."

Siku hizi ananipigia simu asubuhi kunipa hesabu ya vyura, hata siku ambazo sijamuuliza. Na mimi nimenunua ndoo yangu mwenyewe yenye mfuniko, nyekundu, siendi mpakani bila hiyo. Isale mkononi silibebi tena kama sina la kuomba. Na siku nikiwa nalo la kuomba, nitalibeba siku hiyo hiyo, hata kama nimevaa gambuti.